Uso wa Eutimio Ulivyodai Benchi

Basi la wastaafu wa Villarronca lilikuwa halijafika hata kwenye daraja la kutokea kijijini, na Eutimio Carrasco alikuwa ameshayaona makosa ya halmashauri ya kumtosha mpaka saa ya chakula. Kiti chake hakilali. Kipoza hewa kinampuliza kisogoni. Na kofia za njano walizogawiwa mlangoni zilikuwa zimeandikwa jina la meya kwa herufi kubwa na jina la kijiji kwa herufi ndogo.

"Hii ni alama ya sikio la ng'ombe," aliwaambia waliokaa karibu naye. "Tukipotea, wajue watuswage kuelekea zizi la nani."

Meya mwenyewe, Leoncio Barragán, alikuwa amesimama karibu na dereva, kipaza sauti mkononi, tumbo limetangulia. Uchaguzi ulikuwa unanukia, na uchaguzi ukinukia Leoncio huwapenda wazee kuliko mama zao walivyowapenda.

"Ndugu zangu! Leo ni Ávila! Matembezi, mtu wa kutueleza historia, chakula cha mezani, na kahawa juu yake! Vyote kwa hisani ya halmashauri yenu!"

"Kwa hisani ya kodi zetu," Eutimio akasema, na hakunong'ona.

"Eutimio, kaka yangu, wewe unanilaumu hata kwa mvua."

"Mvua hapana. Mvua ilikuwa inanyesha kabla hujachaguliwa. Ulipoingia wewe ndiyo ikakata."

Basi zima likacheka. Leoncio naye akacheka, kicheko cha mtu anayehesabu kura. "Haya, sema unachotaka. Leo ni siku ya furaha."

"Unakijua. Benchi."

Watu wakaguna, maana habari ya benchi walikuwa wameila asubuhi na jioni. Lilikuwa benchi la mbao na chuma, lililokaa miaka na miaka kwenye ukuta wa duka la dawa, pale ambapo jua hupiga asubuhi na upepo haufiki. Eutimio alikuwa akikaa hapo kila siku na mkewe Basilisa, yeye kushoto, Basilisa kulia, wakimenya njegere na kuwasengenya wapita njia. Basilisa akafa wakati wa baridi. Majani yalipoanza kuchipua, Leoncio akaling'oa benchi na kusimika nguzo ya kuchajia magari ya umeme. Katika Villarronca nzima kitu pekee cha umeme chenye magurudumu kilikuwa kiti cha bibi Obdulia, naye alikuwa akikichajia jikoni kwake. Mtu kupoteza mke, halafu kupoteza na pale alipokuwa akikaa naye, huo si utawala, huo ni uchokozi. Hivyo ndivyo alivyomwambia kila aliyesimama kumsikiliza, na wengine waliokuwa wanatembea.

"Sikilizeni," Leoncio akasema kwenye kipaza sauti, maana alijua pa kumkamatia mtu. "Leo baada ya chakula tutacheza karata, mus kama kawaida. Mimi na shemeji yangu Saturnino hatujafungwa miaka hii yote. Eutimio alikuwa fundi wa mus zamani. Basi akae mezani na yeyote amtakaye. Akinishinda, benchi linarudi palepale lilipokuwa. Nikimshinda, sitaki kusikia neno benchi mpaka nizikwe."

"Rudia," Eutimio akasema. "Rudia, na kofia umevua."

Leoncio akavua kofia, akarudia. Basi zima likawa shahidi.

Sasa, mus huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na utamu wake uko usoni. Mwenzako anakaa mbele yako, na sheria inakuruhusu kumwambia karata zako kwa ishara. Ukiuma mdomo wa chini katikati, una wafalme wawili. Ukiuma pembeni, watatu. Ncha ya ulimi nje, ree mbili. Ukivuta mdomo upande mmoja, una karata tatu zinazofanana. Ukiinua nyusi, una jozi mbili. Ukifumba macho yote, huna kitu, mwenzako akuombee. Mpinzani akikuona, shauri yako. Haramu ni moja tu, ishara ya uongo. Uso wako ukisema neno, neno hilo liwe kweli. Watoto wa Villarronca hulijua hili kabla hawajajua kusali.

Eutimio alikuwa amecheza na Basilisa tangu walipooana. Mwishoni nyusi zao zilipanda unene wa uzi, na zikasomeka. Tangu alipomzika, hakushika karata.

"Nani atacheza na mimi?" akauliza.

Wanaume wote wakagundua kuwa nje ya dirisha kuna mashamba mazuri sana ya ngano. Huyu alikuwa na ombi la kibali halmashauri, yule alikuwa na mtoto anayetafuta kazi huko huko.

"Nitacheza mimi," ikasema sauti kutoka viti vya nyuma. Alikuwa Patrocinio, mjane wa mwoka mikate, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha unga. Kila mtu alimwita Patro.

"Miwani yako iko wapi, Patro?"

"Imevunjika. Mpya iko kwa daktari wa macho, na daktari wa macho anakuja kijijini akikumbuka."

"Unaona vipi, wakubwa wakishindwa kuleta hata daktari wa macho!" Eutimio akageuka kwenye kiti, akainua nyusi kwa namna ileile ya Basilisa. "Nimefanya nini hapo?"

"Umepumua."

"Nimeinua nyusi!"

"Basi inua kama mwanamume, bwana! Mimi unanipa ishara kama mtu anayeficha njaa!"

Huko Ávila walipokelewa na binti mmoja aliyeitwa Nerea, mwavuli wa rangi ya chungwa ameuinua juu ingawa anga lilikuwa jeupe. Alikuwa na uso wa mtu ambaye kazi ameianza juzi.

"Karibuni sana! Mji huu una vilima, na jua ni kali, kwa hiyo mkijisikia vibaya msinyamaze. Wiki iliyopita nimemaliza mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wazee. Dalili zote nazijua kwa kichwa."

"Sisi si wagonjwa, binti yangu," Patro akamwambia. "Tumezeeka tu."

Walipandishwa juu ya ukuta. Nerea akaeleza kwamba ukuta huo una karne nyingi na kwamba ulijengwa kuwalinda watu.

"Watu gani?" Eutimio akauliza.

"Waliokuwa ndani, bwana."

"Na waliobeba mawe walilala wapi?"

Nerea akatazama karatasi zake, akageuza ya kwanza, akageuza ya pili. "Hapa haikuandikwa."

"Basi walilala nje," Eutimio akasema, na roho yake ikatulia kidogo, maana aliona kwamba mambo hayajabadilika.

Habari za mji hakuzisikia tena. Patro alikwenda kusimama kwenye mnara wa pili, Eutimio akabaki kwenye wa kwanza, na mazoezi yakaanza juu ya vichwa vya watalii wa mataifa yote.

"Umeuma mdomo!" Patro akapaza sauti. "Wafalme wawili!"

"Watatu! Nimeuma pembeni!"

"Pembeni gani? Kutoka huku yote ni katikati!"

Eutimio akauma mpaka karibu na sikio. Mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni kwa baba yake akamtazama, akaangua kilio. Leoncio alikuwa amesimama hatua chache nyuma, mikono kifuani, anatazama kila kitu kama mtu aliyeletewa gazeti bure.

"Endeleeni, endeleeni," akasema. "Mimi najisomea."

Waliposhuka wakapanga foleni kwenye duka la peremende za kiini cha yai, zile zinazouzwa Ávila kwa bei ya dhahabu. Hapo Eutimio akajaribu ishara ya kukonyeza, ambayo ni ya mtu mwenye karata nzuri kupita zote. Akakonyeza kwa nguvu, shavu likapanda na jicho likazama. Lakini Patro alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, na nyuma yake alisimama mtawa mzee mwenye kikapu. Konyezo lote likamwangukia mtawa.

Mtawa akamtazama Eutimio. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha taratibu, bila kubadilisha kitu kingine chochote usoni, akainua nyusi zote mbili.

Eutimio akavua kofia. "Patro," akasema kwa heshima kubwa, "mtawa yule ana jozi mbili."

Kitu kikamtekenya kooni. Alidhani ni vumbi, akakohoa, hakikutoka. Ilibidi atazame mahali pengine mpaka kipite, kwa sababu mtu aliyekwenda Ávila kulalamika hawezi kuonekana anacheka foleni ya peremende.

Balaa likatokea ndani ya kanisa kuu. Nerea alikuwa mbele ya kaburi la askofu mmoja, anaeleza marumaru. Eutimio alikuwa ameegemea nguzo, na Patro yuko ng'ambo ya pili, karibu na mishumaa. Zilibaki zile karata tatu zinazofanana, mdomo upande. Eutimio akavuta.

"Sioni," Patro akanong'ona, na mnong'ono wake ukazunguka dari lote. "Zaidi! Vuta zaidi!"

Eutimio akavuta mpaka bega likapanda kusaidia na jicho likajifumba lenyewe. Nerea akainua macho kutoka kwa askofu. Akaona mzee mwenye kofia ya njano, kaegemea nguzo, mdomo umehamia chini ya sikio. Mwavuli ukamponyoka.

"Bwana! Sema jina lako! Inua mikono yote miwili!"

"Mnataka nini?" Eutimio akauliza, lakini mdomo ulikuwa bado kwenye zamu, na maneno yakatoka kama uji.

"Kiharusi!" Nerea akapiga kelele, simu tayari iko sikioni. "Hapa kanisani! Mzee! Mdomo umekwenda!"

"Ni karata tu!" Patro akasema. "Binti, ni ka—"

Hakuimaliza sentensi ya pili. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa uwanjani, mlangoni kabisa, kwa ajili ya mbio za baiskeli za siku ile. Eutimio akajikuta kwenye kitanda cha magurudumu nje ya kanisa, kamba kifuani, na juu yake kijana mnene mwenye ndevu aliyejitambulisha kwa jina la Ciriaco.

"Mpeni nafasi!" Leoncio alikuwa akisema, na mkono wake ulikuwa unasukuma kitanda kuelekea mlango wa gari. "Afya kwanza! Mpelekeni hospitali, mlazeni, hata siku mbili! Karata si kitu, Eutimio. Afya kwanza!"

Eutimio akaelewa. Akilala hospitali, hayuko mezani. Asipokuwa mezani, amefungwa. Benchi limekwenda, na neno lake limekwenda nalo.

"Babu," Ciriaco akasema, "tabasamu nione mdomo."

"Nitabasamu mbele ya huyu? Mwaka wa pili sasa sijatabasamu, na hicho si kiharusi, ni halmashauri."

"Haya. Toa ulimi."

Eutimio akatoa ulimi.

"Ree mbili!" Patro akasema kutoka miguuni pa kitanda.

Ciriaco akageuza kichwa kidogo. "Inua nyusi, babu."

"Jozi mbili!"

"Fumba macho yote."

"Hana kitu! Maskini, kafilisika ghafla!"

Ciriaco akasimamisha kazi. "Bibi, mnacheza mus?"

"Leo mchana. Na huyu anayekisukuma kitanda."

Kijana akamtazama Leoncio. Akautazama mkono wa Leoncio uliokuwa bado kwenye kitanda, na Leoncio akauondoa kama aliyegusa chungu cha moto. Kisha Ciriaco akainama karibu na Eutimio, akauliza kwa sauti ya daktari kabisa: "Wafalme watatu?"

Eutimio akauma mdomo pembeni.

"Tatu zinazofanana?"

Mdomo ukaenda upande, ukarudi.

"Mfungueni," Ciriaco akasema. "Mzee huyu mzima kuliko mimi. Ubovu uko kwenye sura, na sura hatuna dawa yake."

Watu wakapiga makofi. Nerea akaketi kwenye ngazi za kanisa, rangi imemtoka, anamwomba radhi kila mtu pamoja na wasiohusika. Eutimio alikaa kitandani akijifunga vifungo vya shati.

"Mlikuwa wapi mlipoitwa?" akamuuliza Ciriaco.

"Hapo, babu. Uwanjani."

"Hapo."

Siku Basilisa alipoanguka, gari la wagonjwa la upande wao lilikuwa limeshaondolewa na wakubwa ili kubana matumizi, na lingine likatoka mbali. Eutimio alipika kahawa ya kuwakaribisha watakaokuja. Kahawa ikapoa, akaimwaga, akapika nyingine.

"Kuna tatizo, babu?"

"Mmefanya haraka," Eutimio akasema, akaivuta kofia ya njano mpaka kwenye nyusi. "Basi. Mmefanya haraka."

Mezani waliletewa maharage yale makubwa meupe, halafu nyama ya ng'ombe iliyoning'inia nje ya sahani. Kahawa ilipokuja, meza moja ikafutwa, karata zikatolewa, na wastaafu wote wakasimama kuizunguka. Ciriaco naye akaingia, zamu yake imekwisha, akaagiza kikombe kidogo cha pombe kali na kutafuta mahali pazuri pa kuonea. Nerea alikaa meza ya jirani na glasi ya maji, macho yake hayatulii.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Eutimio alitoa ishara kubwa kama mabango ili Patro azione, na Patro alikuwa mtu wa mwisho kuziona.

"Wafalme wawili, Saturnino," Leoncio alimwambia shemeji yake bila hata kuficha. "Asante kwa gazeti, Eutimio."

Njegere kavu za kuhesabia alama zikawa zinahama kwenda upande wa meya. Obdulia, kutoka kwenye kiti chake cha umeme, akaanza kusali.

Eutimio akaweka karata chini. "Patro, kuanzia sasa usinitazame usoni."

"Kwani nilikuwa nakuona?"

"Cheza unavyotaka. Na mimi nitacheza ninavyotaka."

Akaufunga uso. Ukawa ukuta, kama ule wa nje, wala Nerea asingepata cha kueleza juu yake. Leoncio, aliyezoea kusoma, akabaki kipofu. Aliweka dau pasipofaa, akakimbia palipofaa, na Patro, ambaye alicheza kama mtu anayefukuza kuku, alimvuruga kabisa. Njegere zikaanza kurudi. Mwishowe pande zote mbili zikawa zimebakiza kidogo tu, na kila mtu alijua kwamba mkono unaogawiwa sasa ndio wa mwisho.

Eutimio akatazama karata zake nne. Mizunguko miwili ya kwanza wakapita bila kuthubutu. Ukafika mzunguko wa jozi, ambapo kila mmoja lazima aseme kama anazo au hana.

"Ninazo," Eutimio akasema.

"Sina," akasema Saturnino.

"Sina, na sijapata tangu tufike Ávila," akasema Patro.

"Ninazo," akasema Leoncio, na sauti yake ilikuwa na mafuta.

"Ordago," Eutimio akasema.

Maana yake ni yote. Ukikubali, karata zinafunuliwa papo hapo, na mwenye jozi bora anachukua mchezo mzima. Hata jikoni waliacha kugonganisha sahani. Leoncio akautazama uso wa Eutimio. Uso uliokuwa umepiga kelele kutwa nzima sasa haukusema kitu, na Leoncio akajiambia kwamba mtu akinyamaza hana la kusema. Huyu kashika jozi moja tu iliyochoka. Lakini kabla ya kukubali alitaka Saturnino ajue. Akanyanyua kitambaa cha mezani kama anayejifuta, na nyuma ya kitambaa akavuta mdomo upande.

Alikisahau kitu kimoja. Kitambaa kilimficha kwa Eutimio na Patro, lakini hakikumficha kwa meza ya jirani.

"Mdomo!" Nerea akaruka, glasi ikavunjika. "Mdomo wa meya! Umekwenda! Daktari!"

"Si kiharusi!" Leoncio akafoka.

"Wote husema hivyo!" Nerea akalia.

Ciriaco akasogea bila haraka, kikombe mkononi. "Kama si kiharusi, mheshimiwa, ni nini?"

Leoncio akakishusha kitambaa. Akisema ni ishara, atakuwa ametangaza karata zake mwenyewe. "Ni... ni haragwe. Limenikwama kwenye jino."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Haragwe," Patro akasema polepole. "Yaani mdomo umesema una tatu zinazofanana, na wewe huna?"

Ishara ya uongo. Basi zima la Villarronca likavuta pumzi. Kijijini kwao mtu husamehewa akihamisha mpaka wa shamba, na husamehewa akitia maji kwenye divai, mradi asizidishe. Hili halijapata kusamehewa. Babu wa Saturnino alifanya mara moja, na bado kulikuwa na nyumba ambazo hazikumsalimu mjukuu. Saturnino mwenyewe akasogeza kiti chake mbali na meza.

"Leoncio," akasema, "sema si haragwe."

"Tena mwezi wa uchaguzi," Patro akaongeza.

Eutimio ndiye pekee ambaye hakujongea. "Chagua, Meya. Kama ni kiharusi, gari liko uwanjani, kijana huyu atakufunga kamba. Kama ni haragwe, umedanganya kwa uso mbele ya wapiga kura wako. Kama ni ishara, tunajua ulichoshika. Usiwe na haraka. Afya kwanza."

Leoncio akawa mwekundu, akawa mweupe, akarudi kuwa mwekundu. Akatazama kofia za njano zilizomzunguka, zote zenye jina lake.

"Ni ishara!" akalipuka. "Ishara ya kweli! Mimi si mwongo! Na ordago naikubali! Tazameni! Wafalme watatu!" Akazipiga mezani mpaka njegere zikaruka.

Kweli walikuwa wafalme watatu, wamevaa mataji yao, wanatazama juu.

Eutimio akafunua za kwake moja moja. Nne. Nne nyingine. Tano. Tano nyingine. Karata ambazo watu huzitupa kwanza, bila hata kuzitazama.

"Nini hicho?" Patro akauliza, pua imegusa meza. "Nani kashinda? Jamani, niambieni!"

"Jozi mbili, Patro. Jozi mbili zinawapiga watatu."

"Jozi mbili! Mbona hukunipa ishara?"

Eutimio akainua nyusi. Aliziinua juu sana, mpaka kofia ikarudi nyuma ikaanguka.

"Hiyo nimeiona," Patro akasema.

Njiani kurudi Leoncio hakushika kipaza sauti. Basi liliposimama uwanjani Villarronca, jua la Juni likiwa bado juu ya paa, akasimama mlangoni na kuanza kueleza habari za wiki ijayo, na kamati, na utaratibu.

"Hatushuki," akasema Obdulia.

Hakushuka mtu. Dereva akazima injini na kufungua gazeti lake. Baada ya muda Leoncio akatoa funguo mfukoni.

Benchi lilikuwa kwenye ghala la halmashauri, nyuma ya majukwaa na viti vya sherehe, na juu yake walikuwa wamekalishwa wale wafalme watatu wa Noeli, sanamu za karatasi ngumu, kubwa kama watu.

"Hata hapa," Eutimio akasema. "Washusheni."

Wakalibeba. Leoncio alishika pembe ya mbele, kwa sababu watu walikuwa wanatazama kutoka madirishani. Nguzo ya kuchajia haikung'oleka, basi benchi likawekwa mbele yake kabisa, ukutani, na kama siku moja gari la umeme litakuja Villarronca, itabidi lisubiri watu wainuke.

Watu wakatawanyika kwenda kula. Eutimio akakaa kushoto, mahali pake. Patro akabaki amesimama na mfuko wake wa peremende.

"Pana mtu hapo?"

Eutimio akafumba macho yote mawili.

"Sema kwa mdomo, bwana. Mimi sioni."

"Nimesema sina kitu."

"Sikuuliza karata. Nimeuliza nafasi."

Eutimio akatazama upande wa kulia kwa muda mrefu. Hapo hakuwahi kumkalisha mtu mwingine, na hakutaka kuanza leo. Mwishowe akajisogeza yeye, akahamia mahali pa Basilisa, na mahali pake akamwachia Patro. Patro akakaa, akafungua peremende, akampa moja.

Eutimio akaruka wima.

"Nini tena?"

Akapapasa ubao kwa kiganja. Kulikuwa na msumari, umechomoza kidogo tu, ila wa kutosha. Akaupapasa tena. Miaka yote ile ya njegere, asubuhi baada ya asubuhi, na Basilisa hakusema neno. Uso wake haukusema kitu.

Akasimama hapo na peremende mdomoni, na kile kitu cha asubuhi kikamrudia kooni, na safari hii hakikuwa vumbi wala hakukohoa. Patro, ambaye haoni, aligeuka kutazama ni nani anayecheka.

Kisha Eutimio akamwona Leoncio anavuka uwanja kuelekea kwake, mabega yameshuka.

"Meya!" akaita. "Njoo hapa! Benchi la halmashauri lina msumari! Nani anahusika na huu msumari?"